Watoto Wawili Kwenye Kanga Moja

Dada yangu alijifungua Jumatatu, mimi nikajifungua Alhamisi ya wiki hiyohiyo, na wote wawili tukaletwa nyumbani kwa mama, Ujiji, tulelewe uzazi katika chumba kimoja. Mama alifurahi. Aliwaambia majirani kwamba Mungu amempunguzia kazi: jiko moja, sufuria moja ya uji, maji ya kukanda yaleyale. Wajukuu wote wawili walikuwa wa kike.

Uzazi wetu haukufanana hata kidogo. Dada alishikwa na uchungu Jumamosi asubuhi. Mama, ambaye alituzaa sisi sote nyumbani juu ya mkeka, alimwambia avumilie kwanza, asikimbilie hospitali kama wanawake wa siku hizi wanaopenda kisu. Dada akavumilia. Alizunguka ua, akashika nguzo ya baraza, akauma kanga. Ilipofika Jumapili jioni alikuwa hawezi hata kuitikia jina lake. Alfajiri ya Jumatatu walimwingiza chumba cha upasuaji, na daktari akamwambia shemeji kwamba wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Mimi uchungu ulinianza nikiwa nafua. Nilifika kituo cha afya kwa miguu yangu, na mtoto akatoka kabla muuguzi hajavaa glavu ya pili. Sikulia, sikushonwa. Siku ya tatu nilikuwa nafagia ua.

Wanawake waliokuja kutupongeza waliingia chumbani wakanitazama mimi kwanza. "Huyu ndiye mwanamke," walisema. "Amezaa kama anapiga chafya." Kisha walimgeukia dada kitandani, sauti zikashuka. "Pole, mwenzetu. Wewe umetolewa mtoto." Mmoja alimwambia wazi kwamba aliyepasuliwa hajui uchungu wa mwana. Dada, aliyeujua uchungu huo kwa siku mbili, aligeukia ukutani. Kidonda kilimuuma hata akikohoa. Mama alikuwa akimsaidia kuketi, akimshikia mtoto kwenye titi, akimlisha mchuzi wa samaki wa migebuka kwa kijiko.

Mimi hakuna aliyenishikia chochote. Nilikuwa mzima.

Usingizi ndio ulioondoka kwanza. Nilidhani ni mtoto, kama wanavyosema watu, lakini mtoto wangu alilala vizuri. Mimi ndiye niliyebaki macho nikimsikiliza anavyopumua, na baada yake nikimsikiliza wa dada, na baada yake nikisikiliza bati la paa linavyolia likipata jua. Mwili haukuchoka. Hilo lilinishangaza hata mimi. Kulipokucha nilikuwa na nguvu za watu watatu. Nilisugua masufuria mpaka mama akaniambia nitayatoboa. Nilifua nepi ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Nilizungumza sana, mambo yakitoka moja yakiingia jingine, na mama alicheka akasema uzazi umenipendeza.

Dada hakucheka. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akinitazama kutoka kitandani, kidevu kimezama kwenye mto.

"Mdogo wangu, umelala lini?" aliniuliza.

"Jana."

"Jana hukulala. Nilikuwa macho mimi pia."

Nilijibu kwamba yeye ndiye mgonjwa, alale yeye. Nikaona amekereka.

Siku ya kumi na tatu tangu nijifungue, mama aliwaogesha watoto uani, karibu na jiko, kama alivyofanya kila asubuhi. Aliogesha mmoja, akamlaza kwenye kanga iliyotandikwa juu ya mkeka, akaogesha wa pili, akamlaza pembeni ya wa kwanza. Mtu akabisha hodi mlangoni. Mama akaenda kufungua huku anajifuta mikono, akaniambia niwaangalie. Nikawaangalia. Wote wawili uchi, wanang'aa mafuta, wote na nywele zilezile za kulowa. Jua lilikuwa kali. Nilipepesa macho, na nilipoyafungua sikujua yupi ni wangu.

Nimelieleza jambo hili kwa watu wachache na kila mmoja hucheka kidogo, akasema hata yeye amewahi kuchanganya mapacha wa jirani. Haikuwa hivyo. Nilijua kwamba mwanangu ana baka jeusi begani. Nilipotaka kukumbuka ni bega lipi, mahali palipokuwa na jibu palikuwa peupe. Watoto wote wawili walikuwa na baka. Mama aliporudi akamwinua mmoja, akaniwekea mapajani, akasema, "Mnyonyeshe huyu, analia." Nilimtazama mama usoni, nikaona ametabasamu, na hapo nikafahamu. Wamewabadilisha.

Sababu nayo ilikuja yenyewe, imekamilika, kama niliyosomewa na mtu. Mtoto wa dada alichelewa sana tumboni, ameumia, hataishi. Wanampa dada mtoto aliye mzima kwa sababu dada ameteseka, na mimi niliyezaa bila jasho nitaachiwa wa kufa. Nilihisi hata haki ndani yake. Hilo ndilo lililonitisha zaidi nilipokuja kupona: kwamba sikuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Nililiona kuwa sawa, kama hesabu iliyofanyika nisipokuwapo.

Sikumwambia mtu. Niliacha kunywa uji wa mama kwa kuwa ulikuwa na harufu mpya, nikaumwaga nyuma ya choo. Nilipomnyonyesha mtoto niliyepewa nilimsikiliza kama anakufa. Nilipomtazama yule aliyekuwa ubavuni kwa dada, alinitazama na kunijua. Mtoto wa wiki mbili hamjui mtu, naelewa sasa. Wakati ule aliniita.

Mama aliona mabadiliko, nadhani, ila aliyasoma kwa namna yake. Alifukiza ubani chumbani, akanisomea dua, akanifunga kitambaa cheusi mkononi. "Uzazi una mambo yake," alimwambia dada. "Arobaini ikifika yatapita." Dada akasema, "Mama, huyu mtoto wako anaumwa." Mama akamjibu kwa ukali kwamba asimtaje mwenzake kwa ubaya kwa sababu ya wivu. Niliyasikia yote nikiwa nyuma ya pazia. Nilisikia neno wivu, nikalichukua kama ushahidi.

Siku ya kumi na nane mama alikwenda sokoni kununua mawese. Dada alikuwa amekunywa vidonge vyake vya maumivu, akapitiwa na usingizi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwinua mtoto wa dada kutoka ubavuni mwake. Sikuwa na haraka. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge, na yule aliyekuwa wangu nikamlaza mahali pake, sawasawa, nikamfunika. Nikatoka bila viatu.

Barabarani nilisimamisha bajaji, nikamwambia dereva anipeleke Kibirizi, kule boti za kwenda kaskazini zinakopakia. Mume wangu alikuwa Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, ambako alikuwa akinunua dagaa. Nilijiambia kwamba nampelekea mwanawe. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alinisalimia, akanitazama kwenye kioo chake, akaniuliza mtoto ana siku ngapi.

"Ameshazaliwa mara mbili," nilimjibu.

Tukapita Mwanga, tukateremka kuelekea ziwani, na mtoto akaanza kulia. Maziwa yalikuwa yakinitoka yakalowanisha blauzi yote mbele. Sikumnyonyesha. Sijui kwa nini, maana nilisema ni wangu.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo sijaisema sawasawa kwa mtu yeyote kabla ya dada. Kwa daktari nilisema nilikuwa nakwenda kupanda boti. Kwa mume wangu nilisema hivyohivyo. Lakini nilipofika Kibirizi boti ilikuwa imeshaondoka. Niliiona kwa macho yangu, ndogo, imeelekea kaskazini chini ya milima, na hakukuwa na nyingine iliyokuwa ikipakia. Watu walikuwa wakirudi kutoka majini. Mimi nikaingia. Maji yalikuwa ya vuguvugu pembeni na baridi mbele. Yalifika magotini, yakafika mapajani, kitenge kikaanza kuwa kizito kwa chini. Nakumbuka utulivu. Sijawahi kuwa na utulivu kama ule, na ndiyo maana hadi leo nikiwa nimetulia sana naogopa.

"Mama! Mama mzazi!"

Mwanamke mmoja alikuwa akianika dagaa pale mchangani. Alikuja akiwa amekunja sketi mkono mmoja, anaingia majini taratibu kama anayemfuata kuku asimtishe. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko mama yangu, na mikono yake ilimetameta magamba.

"Mwakeye," alinisalimia kwa Kiha, kana kwamba tumekutana njiani.

Nikaitikia. Mdomo uliitikia wenyewe.

"Kitenge chako kimelegea. Mwana atadondoka. Hebu nimshike, ukifunge vizuri."

Lilikuwa jambo la busara. Kitenge kilikuwa kimelegea kweli. Nilikifungua, nikampa mtoto, nikaanza kukikamua maji nipate kukifunga upya. Nilipoinua macho alikuwa tayari yuko mchangani, amempachika mtoto kifuani, anamtikisa, na wanawake wengine wawili wamesimama kati yangu na yeye.

"Nipe mwanangu," nilisema.

"Nitakupa. Kaa kwanza. Umeshakunywa chai?"

"Nipe mwanangu!"

"Mwana ana njaa, na wewe umelowa. Kaa, mwana wanje, mwanangu wee. Kaa hapa na mimi."

Hakuninyang'anya kitu kingine, hata sauti hakuinua. Alinikalisha kwenye gunia tupu, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vyenye harufu ya samaki, akanishika hivyo muda wote bila kulegeza. Yule dereva wa bajaji alikuwa hajaondoka. Baadaye nilisikia kwamba jibu langu lilimkaa moyoni, akasimama pembeni kutazama nitakwenda wapi. Alirudi Ujiji mbio, pale aliponichukua, akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba kama kuna mzazi aliyetoka na kichanga.

Hakuwa na haja ya kuuliza sana. Dada alikuwa ameshaamka. Aliponyoosha mkono akamgusa mtoto, mkono ulijua kabla ya macho kwamba si wake. Mama ndiyo kwanza alikuwa akiingia na chupa ya mawese. Dada akapanda ile bajaji na kidonda chake cha wiki tatu, mama pembeni yake, na mwanangu mkononi.

Niliwaona wakishuka. Dada alitembea kwa kuinama, mkono mmoja ameubana chini ya tumbo. Nilitegemea anipige. Alipiga magoti kwa yule mwanamke wa dagaa, akampokea mwanawe, akamnusa kichwani, akamfunua, akamtazama vidole vyote. Kisha akaketi pale pale mchangani akamnyonyesha. Wangu alikuwa amemlaza mapajani. Hakunipa. Nilinyoosha mikono na yeye akanitazama, akatikisa kichwa mara moja tu.

Mama alikuwa analia. Alitaka tukodi gari twende kwa mtu mmoja, kijiji fulani, anayejua kutoa mambo ya namna hii. Tayari alikuwa anamweleza dereva njia.

"Hospitali," dada alisema.

"Mwanangu, hili si la hospitali."

"Mama, mimi uliniambia nivumilie. Nikavumilia siku mbili, mwanangu nusura afie tumboni, na mimi pia. Huyu hutamwambia avumilie."

Sijawahi kumsikia mtu akisema na mama hivyo. Mama akaacha kumwelekeza dereva. Akaingia kwenye bajaji, akaangalia mbele.

Hospitali walinichoma sindano, nikalala. Nililala, nikaamka, nikala, nikalala tena, na siku zile sina picha zake. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda nilipoanza kusikia maneno. Aliniambia huu ni ugonjwa, humpata mama mmoja mmoja baada ya kujifungua, na haumchagui aliyepasuliwa wala aliyezaa kwa wepesi. Kinachoanza kuondoka mara nyingi ni usingizi. Akaniuliza kama niliwahi kufikiria kumdhuru mtoto. Nikasema hapana. Akaandika. Akaniuliza nilikuwa nakwenda wapi. Nikasema Kagunga.

Mama aliwaambia watu nina malaria kali. Mume wangu aliposhuka kutoka Kagunga aliambiwa malaria, akaja wodini, akaona dirisha lenye nondo na mlango unaofungwa kwa ufunguo, akajua kwamba si malaria. Niliporudi nyumbani kwetu Buzebazeba, miezi ikapita kabla sijagundua kwamba hakuna kisu jikoni. Vitunguu alikuwa akikata yeye, kabla ya kutoka, anaviacha kwenye bakuli vimefunikwa.

Mwanangu alinyonya kwa dada wiki zote nilizokuwa hospitali na baada yake. Dada, yule aliyeambiwa hakuzaa, alinyonyesha watoto wawili huku kidonda kikitoa maji pembeni. Mtoto aliponirudia alinigeuzia uso, akamtafuta dada. Vidonge vilikuwa vimenifanya mzito, mwili kama umejazwa mchanga, na furaha ambayo watu walisema itarudi haikurudi siku moja. Ilikuja kwa vipande. Siku moja nilimwona anashangaa kivuli cha mkono wake ukutani, nikajikuta natabasamu. Siku iliyofuata hakukuwa na kitu tena.

Karibu mwaka mmoja baadaye dada alikuja, tukaketi kwenye kibaraza tunachambua mchele. Watoto walikuwa wakitambaa mbele yetu, na ningewatofautisha hata kwa kukohoa. Ndipo nilipomwambia kuhusu boti iliyokuwa imeshaondoka. Nilisema kwa haraka, macho kwenye ungo. Aliacha kuchambua. Nikadhani atainuka aondoke.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Yule mama wa dagaa aliniambia maji yalipokufikia."

"Na hukusema?"

"Nami nina langu." "Siku ile ya tatu ulipokuwa unafagia ua, na wale wanawake wanakusifu, mimi siwezi hata kugeuka kitandani, nilisema moyoni: Mungu naye ampe kidogo. Kidogo tu, aonje. Halafu nikaona usingizi umekuondoka. Nilikuwa naona kila siku, mdogo wangu. Nilimwambia mama mara moja, aliponigombeza nikaacha. Sehemu yangu nyingine ilikuwa inasema, acha."

Nilitaka kusema kwamba ugonjwa hauji kwa maneno ya moyoni, na ninaamini hivyo. Lakini nilipofungua mdomo nilimwuliza kidonda chake kama bado kinamuuma wakati wa baridi. Akasema kinamuuma. Tukaendelea na mchele.

Watoto wale sasa wana miaka sita. Wa dada ananipenda, hunikimbilia na kuniita mama mdogo, na katika miaka yote sita dada hajawahi kumwacha na mimi peke yetu. Akija kwangu na akataka kwenda dukani hapo mbele, humshika mkono akaenda naye. Hafanyi kwa ubaya. Nadhani wakati mwingine hata hajui kama anafanya. Mimi huona, nami simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo, pengine zaidi.

Nina mimba ya miezi saba. Hatukuipanga. Kliniki nimesema kila kitu safari hii, na daktari wa wodi ile ameshazungumza nami mara mbili: kwamba ugonjwa huweza kurudi, kwamba hurudi mara nyingi kwa aliyewahi kuupata, na kwamba tukiuona mapema tutauwahi. Mume wangu ameacha kazi ya Kagunga, anatafuta kitu cha kufanya hapa hapa mjini. Mama bado anaita malaria. Dada ameniambia atahamia kwangu siku nitakayojifungua.

"Mtoto nitakuwa nalala naye mimi," alisema. "Na wewe nitakuuliza kila asubuhi umelala saa ngapi. Usinidanganye."

"Sitakudanganya."

"Ulinidanganya."

Juzi niliamka kabla ya adhana na sikuweza kulala tena. Jana vilevile. Inaweza kuwa joto, au mtoto anavyocheza tumboni, au miguu iliyovimba. Wajawazito wengi hawalali. Nililala chali nikisikiliza bati, na mwili haukuwa umechoka. Leo asubuhi, kabla sijanywa chai, nimempigia dada simu nikamwambia. Amesema nisitoke nyumbani, anakuja sasa hivi.